Antena ya kusikiliza AM ya mbali: usilenge stesheni, lenga kelele (uzoefu wangu, Mikindani)

#1 MikindaniUsiku

Habari za usiku, wakuu.

Uzi huu nimeuahidi tangu kusi ianze, na kila nikikaa kuandika stesheni inaibuka, maandishi yanalala. Leo redio nimeizima makusudi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mkuu, antena gani inavuta zaidi?" Naomba tuanzie hapo, maana hilo neno "kuvuta" lilinipotezea miaka miwili. Kwenye masafa ya kati, yaani AM yetu ya kilohezi 531 hadi 1602, redio yoyote nzima ina usikivu wa kutosha. Kinachotushinda ni kelele inayoingia pamoja na stesheni: radi za mbali, chaja za simu, taa za LED, inveta, vikombe vya nguzo za umeme vilivyoshika chumvi ya bahari. Ukiongeza waya umeongeza vyote. Uko kwenye ngoma, mwenzako anakunong'oneza. Ukipewa sikio kubwa zaidi utasikia ngoma zaidi. Dawa ni kuziba sikio la upande wa ngoma.

Jipime hivi. Usiku, weka redio mahali pasipo na stesheni, sikiliza ule mvumo, kisha chomoa antena ya nje. Mvumo ukishuka wazi, ujue redio ilikuwa imeshafika kwenye kelele ya nje, na antena kubwa zaidi haitakuongezea kitu. Kuanzia hapo usitazame mshale wa nguvu ya mawimbi. Tazama, au niseme sikiliza, stesheni imepanda juu ya kelele kwa kiasi gani.

Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Nilifunga waya wa mita 40 hivi kutoka kenchi ya paa hadi mnazi wa uani. Mshale ukaruka hadi mwisho, nikamwita mke wangu aje aone. Nikaenda 882, Trans World Radio ya Puttalam, Sri Lanka, ambayo jioni nilikuwa naipata bila antena yoyote, kwa ile fimbo ya feraiti, antena ndogo nyeusi iliyomo ndani ya redio. Imezama. Naisikia kwa mbali ndani ya mngurumo kama mashine ya kusaga. Nikaamua waya ni mfupi, nikaunga mita 20 nyingine. Mashine ya kusaga ikasogea karibu zaidi.

Nikaja kufanya jambo ambalo kila mtu angepaswa kulifanya kabla ya kununua hata nati moja. Nikatia redio betri, nikazima swichi kuu ya nyumba. Mngurumo ukaporomoka. Nikawasha, nikaanza kuchomoa kimoja kimoja: chaja ya simu ya binti yangu, taa mbili za LED za sebuleni, kisimbuzi cha tivii. Kila kimoja kina sauti yake. Chaja inakwaruza, na ukisogeza mshale wa kutafutia stesheni inarudi tena mbele kidogo, inarudi tena. Taa inavuma mfululizo. Ukishazizoea unazitaja hata ukiwa umefumba macho.

Ikabaki kelele moja isiyotoka kwangu, inaanza saa moja asubuhi na kupotea jua likizama. Usiku hainihusu, lakini alasiri, saa ile India na Sri Lanka wanaanza kuingia na kwetu bado kuna mwanga, ilikuwa inaua kila kitu. Nikachukua redio ndogo ya mkononi. Hapa msome taratibu: fimbo ya feraiti ni kiziwi upande wa ncha zake. Ukiigeuza redio mpaka kelele ikazimika ghafla, ncha ya fimbo inaelekea kwenye kelele, au kinyume chake. Nikafanya hivyo kwenye pembe ya kwanza ya uwanja, nikafanya tena pembe ya pili, mistari miwili ikakutana kwenye banda la bibi jirani. Ni kidhibiti chaji cha sola yake. Nikamwamkia, nikamweleza, akasema, "Mjukuu wangu, kama kinakusumbua kizime, mimi natumia taa usiku tu." Sikukizima. Nyaya mbili zilizotoka kwenye paneli zilikuwa zimepita mbalimbali, moja huku moja kule, zimechora duara kubwa la kutupa mawimbi. Nilizisokota pamoja kama kamba ya ukindu toka paneli hadi kwenye kidhibiti, nikazizungusha mara nane kwenye pete ya feraiti. Haikwisha yote, lakini ilishuka mpaka 882 ikatoka.

Baada ya usafi huo ndipo nikatengeneza antena. Ni lupu ya fremu, yaani kitanzi cha waya: mbao mbili kwa umbo la msalaba, pembe nne, kila upande sentimita 60, mizunguko 12 ya waya wa kawaida wa umeme wa ndani, kila mzunguko umeachana na mwenzake nusu sentimita. Ncha mbili za waya nimezifunga kwenye kondensa ya kuzungusha, ile ya kutafutia stesheni kwenye redio ya zamani. Basi. Haina umeme, haina amplifaya, haigusani na redio. Unaiweka redio kando yake, sentimita 20 au 30, fimbo ya ndani ikiutazama ubapa wa fremu, unazungusha kondensa, na mahali fulani stesheni inafumuka.

Sasa kiini cha uzi. Lupu inasikia kwa ukingo, na ni kiziwi kwa ubapa. Upande inaosikia ni mpana, ukikosea nyuzi 20 au 30 hupotezi kitu cha maana. Upande wa uziwi ni mwembamba na una kina. Kwa hiyo kuilenga stesheni ni kupoteza kifaa. Lenga ubapa kwenye kelele, halafu uone stesheni imebaki wapi.

Na kwa sisi wa Mtwara jiografia imetupendelea. Miezi ya kusi radi zinazotusumbua usiku zinatoka bonde la Kongo na Ziwa Victoria, kaskazini-magharibi yetu. Magharibi mwa India, kwenye ule mtambo wa Rajkot wa 1071, iko kaskazini-mashariki, kama kilomita 4,900. Hizo pande mbili zinakaribia pembe mraba. Ubapa wa fremu ukiuelekeza Lindi mjini, umeipa Kongo uziwi na umeipa India ukingo, kwa mara moja. Nilipoigeuza hivyo mara ya kwanza, ile mikwaruzo ya radi iliyokuwa inakatakata kila sentensi ilirudi nyuma, na nyuma yake kulikuwa na mwanamke anaimba. Nilikaa kimya mpaka wimbo ukaisha.

Haizimiki yote. Radi ya mbali inakuja kwa kuakisiwa angani, inashuka kwa pembe mbalimbali, kwa hiyo shimo la lupu haliwi safi kama linavyokuwa kwa kelele ya jirani. Lakini inatosha kugeuza "kuna kitu hapo" kuwa maneno yanayosikika.

Karibuni. Waliojaribu aina nyingine waje.

#2 kijana_wa_chuno

Mkuu shikamoo, na ahsante kwa uzi. Nina maswali mawili. La kwanza, siku hizi si stesheni nyingi ziko intaneti, kwa nini ujisumbue na fremu? Siulizi kwa kubeza, nataka kujua. La pili, mimi napanga chumba kimoja Chuno, Mtwara mjini, uwanja hakuna, taa za majirani zimenizunguka. Nina nafasi kweli?

#3 MikindaniUsiku

Marahaba, kijana.

La kwanza. Intaneti inakuletea sauti ya studio. Redio inakuletea njia iliyopita. Mchana tabaka la chini la anga, kilomita 60 hadi 90 juu yetu, linameza masafa haya, ndiyo maana unasikia za karibu tu. Jua likizama linayeyuka, mawimbi yanapita hadi matabaka ya juu na kurudishwa chini maelfu ya kilomita mbele. India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, giza lao linatangulia. Giza letu na lao linakuwa pamoja toka magharibi yetu hadi kama saa 10 alfajiri, kwao kunapopambazuka. Ukikaa alfajiri hiyo ukasikia stesheni za India zinazimika moja baada ya nyingine, umelisikia jua likitembea. Mimi hilo sijalipata kwenye simu.

La pili, una nafasi, tena nzuri. Usinunue chochote. Chukua redio yenye fimbo ya feraiti, hata ya shilingi kidogo, saa moja usiku teremka ufukweni Shangani. Umeondoka kwenye chaja na taa za watu, na mbele yako kuna maji ya chumvi. Mawimbi yanayokuja chini chini yakipitia juu ya bahari hayapotezi nguvu kama yakipitia ardhi kavu. Upande wa kaskazini-mashariki ni bahari karibu yote hadi Sri Lanka. Nimewahi kusikia ufukweni, kwa redio ya mkononi tupu, stesheni ambazo nyumbani fremu haikuzitoa.

Kama redio yako ni ya tarakimu, hakikisha hatua ya AM, yaani nafasi toka stesheni hadi stesheni, imewekwa kilohezi 9 na si 10. Hatua ya 10 ni ya Marekani, utakuwa unazipita stesheni katikati.

#4 FundiMasasi

Wakuu nawasalimu kutoka Masasi. Kazi yangu ni redio, tangu zile za kaseti. Mwenye uzi umesema vizuri ila waya mrefu umeuonea.

Mimi kijijini kwetu hakuna umeme wa nguzo. Nina waya wa mita 60 juu ya mikorosho miwili na mwembe, na hakuna lupu ya fremu iliyowahi kuushinda pale. Tatizo lako halikuwa waya. Ulifunga ncha moja kwenye kenchi, juu ya taa zako mwenyewe, halafu naamini uliishusha moja kwa moja hadi redio. Huo waya ulianza kunywa kelele ndani ya nyumba.

Ukitaka waya, ufanye hivi. Antena ikae mbali na nyumba, mita 20 na zaidi. Pale chini yake chimbia fimbo ya ethi. Hapo hapo weka transfoma ndogo ya feraiti, ya uwiano wa 9 kwa 1 (huo ni uwiano wa ukinzani, si wa mizunguko): mizunguko mitatu upande wa redio, tisa upande wa antena, na vilima hivyo viwili VISIGUSANE hata kwa ethi. Kutoka hapo ingia ndani kwa waya wa antena ya tivii, ule wenye wavu. Wavu usiufunge kwenye fimbo ile ya antena.

Watu wanafunga kila kitu pamoja wakidhani ethi ni ethi. Kelele ya nyumbani inapanda juu ya wavu kwa nje, inatembea hadi antena, inaingia kwa mlango wa mbele kama stesheni. Hapo hata antena ya bei gani haikusaidii. Vilima vilivyotengana vinaivunja hiyo njia, na ukiongeza pete ya feraiti, mizunguko 10 au 12 ya huo huo waya wa tivii karibu na nyumba, umeiziba.

Nimeletewa mara tatu lupu za kununua, zile zenye amplifaya kwenye kijisanduku, wenyewe wanalalamika hazifanyi kazi. Nzima zote. Kwenye zote tatu umeme wa amplifaya ulitoka kwenye chaja ya simu. Umenunua antena ya kukwepa chaja halafu umeifunga kwenye chaja! Nikawapa betri ya volti 12, wakaenda zao wameridhika.

#5 MikindaniUsiku

Fundi, nakubali yote. Waya wangu ulianza ndani ya nyumba na wala sikuwa na transfoma. Ila hata ukiwekwa vizuri, waya wa namna hiyo, ambao ni mfupi kuliko wimbi lenyewe, unasikia pande zote sawasawa. Kwako kijijini adui ni radi peke yake. Hapa mjini nahitaji kitu cha kugeuza.

#6 Mwl_Mtanda

Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Lindi. Nimeutengeneza huo msalaba jana na wanafunzi wanne wa kidato cha tatu baada ya vipindi, vipimo vile vile: sentimita 60, mizunguko 12. Kondensa tumeitoa kwenye redio mbovu ya transista, ile ndogo ya plastiki. Inafanya kazi, watoto walipiga makofi stesheni ilipofumuka.

Lakini haishuki. Inaanzia 1600 vizuri, ikifika kama 700 kondensa imefika mwisho. Chini ya hapo hakuna kitu. Tumekosea wapi?

Na swali la pili, kaka wa Mikindani: umesema ubapa uelekee Lindi mjini. Mimi niko Lindi mjini kwenyewe. Niuelekeze wapi?

#7 FundiMasasi

Mwalimu, hamjakosea. Zile kondensa ndogo za plastiki zina vyumba viwili, kimoja kama pikofaradi 140 na kingine 60. Bila shaka mmeviunganisha vyote viwili, ndiyo maana mmefika 700. Mngetumia kimoja mngekwamia juu ya 800. Fremu yenu ili ifike 531 inataka karibu pikofaradi 400 kwa jumla. Zile za zamani za vibati vya alumini zinafika hapo, za plastiki hazifiki.

Tafuta kondensa ya kawaida, isiyozunguka, ya pikofaradi 180 au 220, iungeni sambamba na hiyo kupitia swichi ndogo. Swichi ikiwa wazi mnacheza juu, mkiifunga mnashuka hadi mwisho wa chini. Msiongeze mizunguko ya waya, mtaipoteza 1600.

#8 MikindaniUsiku

Mwalimu, wewe uelekeze Ifakara. Ni upande ule ule. Na wape hongera hao wanne.

#9 KoroshoNewala

Nimesoma tangu juzi, sasa naweka langu.

Mimi nina shamba la mikorosho nje kidogo ya Newala, upande wa ukingo wa uwanda, bonde la Ruvuma liko chini yetu. Umeme wa karibu uko zaidi ya kilomita moja. Mimi nimefunga antena ya Beverage.

Kwa wasioijua: ni waya mmoja mrefu uliotandazwa chini chini kuelekea stesheni. Wangu ni mita 300, urefu wa mita mbili hivi toka ardhini, unapita kati ya safu za mikorosho. Kwenye 1071 wimbi moja lina mita 280, kwa hiyo nimezidi wimbi zima kidogo. Ncha ya mbali, ile inayoelekea stesheni, ina rezista ya kama omu 470 inayoshuka kwenye fimbo ya ethi. Ncha ya kwangu ina transfoma ile ile ya Fundi, 9 kwa 1. Wimbi linalotoka mbele linasafiri sambamba na waya na kujikusanya hadi kwangu. Linalotoka nyuma linajikusanya kuelekea ule upande mwingine, linafia kwenye rezista. Ukiitoa rezista, antena inasikia mbele na nyuma.

Aliyeigundua ni Mmarekani, Harold Beverage, hataza yake ni ya mwaka 1921. Desemba mwaka huo huo Paul Godley alivuka na redio hadi Ardrossan, Scotland, akatandaza waya wa namna hiyo kwenye shamba lenye baridi na upepo, akawasikia redio ridhaa wa Marekani kuvuka Atlantiki. Nikiwa natembea na koili la waya kwenye mchanga wa Newala nilikuwa namuwaza sana huyo bwana.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha: Beverage inapenda ardhi mbaya. Ardhi kavu isiyopitisha umeme ndiyo inayolifanya wimbi liiname mbele likipita, na huko kuinama ndiko kunakosukuma mkondo ndani ya waya. Uwanda wetu wa Makonde ni mchanga, maji ni shida inayojulikana, bibi zetu wameyabeba toka bondeni. Ardhi hiyo hiyo kwa redio ni neema.

Shida yake ni fimbo za ethi. Kwenye mchanga mkavu fimbo moja haishiki kitu. Nimetandaza nyaya nne za mita 10 chini ya majani kila ncha, ndiyo ikatulia. Waya mwenyewe ni wa mabati, wa kufungia, si shaba. Shaba ilidumu wiki mbili, watu wakaja usiku wakaikunja. Wa mabati una mwaka wa pili, hakuna anayeuhitaji.

Sauti yake ni ndogo. Mgeni akija anasema mbona hii antena ni dhaifu. Namwambia ongeza volyumu, halafu nyamaza. Kelele imekaa chini kabisa kama maji kwenye mtungi, na stesheni imesimama juu yake.

#10 kijana_wa_chuno

Mzee wa Newala, mita 300! Hapa Mtwara mjini tukipata eneo, tuseme kule kwenye mikoko, inafaa?

#11 MikindaniUsiku

Hilo nilijaribu, nikusaidie. Mzee mmoja alinipa ruhusa ya kupitisha waya kandokando ya mikoko hapa Mikindani, mita 200. Chini ni tope la chumvi. Wiki nzima sikuona tofauti kati ya mbele na nyuma, na stesheni zilikuwa hafifu kuliko kwenye fremu. Sababu ndiyo hiyo aliyoisema KoroshoNewala, kwa kinyume chake: ardhi ya chumvi inapitisha umeme vizuri, wimbi linapita limesimama wima, haliinami, waya uliolala haupati cha kukamata. Pwani Beverage haina kazi. Pwani ni ya lupu na fimbo, kitu ambacho hakitegemei ardhi.

Na mikoko ikajaa maji, rezista ikaliwa na chumvi kwa siku nne. Pwani kila kiungo kifunikwe kwa grisi na mpira, la sivyo shaba inageuka kijani na kiungo chenyewe kinaanza kutoa kelele.

#12 Mwl_Mtanda

Nimepata ya 220, nimeifunga na swichi. Imeshuka hadi mwisho wa chini, Fundi ahsante sana.

Sasa nauliza mbele kidogo. Nimesoma kuhusu lupu kubwa zinazosikia upande mmoja tu, zile zenye rezista, za umbo la bendera. Shule ina uwanja. Je, nitapata zaidi ya fremu?

#13 MikindaniUsiku

Mwalimu, hili nimelipigia hesabu kwa kalamu na nimelisikiliza kwa masikio, jibu ni: inategemea mwezi.

Bendera ni mstatili wa waya, urefu kama mita 8.8, kimo mita 4.3, umeinuliwa kidogo toka ardhini. Upande mmoja wa wima una rezista ya karibu omu 950, wa pili una transfoma. Ukibadilishana nafasi zake mwelekeo unageuka. Haihitaji ethi, kwa hiyo pwani inafaa. Mabomba mawili ya mianzi yanatosha kuisimamisha. Ndugu yake ni lupu ya K9AY, yenye jina la mwito wa redio wa Gary Breed, aliyeichapisha mwaka 1997: nguzo moja katikati, inageuzwa mwelekeo kwa swichi, ila hiyo inataka ethi. Zote mbili zinatoa mawimbi madogo sana, utahitaji amplifaya tulivu, nayo kwa betri.

Tofauti yake na fremu iko hapa. Fremu ina mashimo mawili membamba yenye kina, kushoto na kulia. Bendera ina uziwi mpana wa mgongoni, lakini ubavuni inasikia karibu nusu.

Miezi ya kusi, kama nilivyosema, radi ziko kaskazini-magharibi. Ukiitazamisha bendera India, Kongo inakuwa ubavuni, kwa hesabu inapungua desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 7 hivi. Fremu iliyogeuzwa vizuri inaipunguza 20 na zaidi, kabla anga haijaharibu hesabu. Na Sri Lanka, ambayo iko mashariki zaidi, unaipata bado kwa kupoteza desibeli moja tu. Kwa hiyo Juni hadi Septemba msalaba wako wa mbao ni bora kuliko bendera ya mita tisa. Nilipoliona hilo kwenye karatasi sikuamini, nikazifunga zote mbili, nikabadilisha kwa swichi usiku tano mfululizo. Kwa 1071 fremu ilishinda usiku wote tano.

Kaskazi ikiingia mambo yanageuka. Desemba hadi Machi ukanda wa mvua umeshuka kusini: Zambia, Malawi, Msumbiji, Madagascar. Radi zinatuzunguka kuanzia magharibi hadi kusini-mashariki. Mashimo mawili membamba hayazibi eneo pana hivyo, na ukingo wa fremu unaosikia India kwa mbele unasikia Msumbiji kwa nyuma. Hapo ndipo bendera, au Beverage ya mzee wa Newala, inakaa mahali pake: uso India, mgongo kwenye mvua yote.

Msimu huo ni lazima niseme hili: radi ikisikika kwa sikio, acha kusikiliza. Chomoa waya wa nje na uutupe nje ya dirisha. Usingoje uione.

#14 KoroshoNewala

Nathibitisha hiyo ya kaskazi. Januari iliyopita, mvua iko Ruvuma yote kusini, mimi nasikiliza kaskazini-mashariki kama hakuna kitu. Mwezi wa saba wala haina ajabu hiyo. Sasa nitatengeneza msalaba wa mbao.

#15 FundiMasasi

Mzee, ukija mnadani pitia kwangu, nina kondensa mbili za vibati nimezihifadhi. Moja yako. Nyingine kijana wa Chuno.

#16 kijana_wa_chuno

Fundi, Mungu akubariki, nitapanda basi Jumamosi.

Nilikwenda Shangani jana kama nilivyoelekezwa. Nimekaa kwenye jiwe toka saa 1:10 usiku hadi saa 4. Redio ya mkononi, hakuna kingine. 1521 ya Saudi Arabia, ile yenye mtambo wa kilowati 2,000 kule Duba, inaingia kama ya hapa mjini. Hiyo najua ni rahisi. 1170 nilisikia mahubiri, nikaigeuza redio mpaka ikazimika, ncha ikawa inaelekea kusini-kusini-magharibi.

#17 MikindaniUsiku

Ndiyo hiyo, ni Manzini, Eswatini. Kilomita 2,000 hivi. Umeipima kwa mkono.

Na ilipozimika, ulibaki unasikia nini chini yake?

#18 kijana_wa_chuno

Kulikuwa na mtu anaongea. Lugha sikuitambua. Leo narudi.